Usigeuze Sweta Mpaka Upewe

Kwanza mnielewe: mimi siamini hayo mambo. Nimeokoka, nilizamishwa majini mzima mzima, na mlangoni kwa hoteli yangu hapa Longonot nimeandika jina la Bwana kwa rangi nyekundu. Ukiniona naanua nguo kabla giza liingie, ni kwa sababu ya umande. Ukiniona nimeuma kauzi kwa meno wakati fundi ananikazia kifungo na gauni bado liko mwilini, hayo ni mazoea tu, mdomo haukuwa na kazi nyingine. Lakini Jonah jirani yangu aliamini yote, mchana kweupe, bila aibu hata kidogo. Hii ni habari yake.

Jonah Muiruri na mimi tumepakana. Katikati yetu kuna ua wa vichaka vya leleshwa ambao mbuzi wake wanautoboa kila mwaka, na kila mwaka mimi napiga kelele, na yeye anauziba bila kujibu. Ni mtu mrefu, mwembamba, mpole mpaka anaudhi. Alifanya kazi ya reli tangu ujana wake, kikosi cha kukaza mataruma kati ya hapa na kule mteremkoni, mpaka wakamstaafisha. Sasa ana mbuzi, shamba dogo la mahindi na maharagwe, na miiko ya nguo.

Miiko yenyewe ni mingi sana. Kofia haiwekwi kitandani. Kiatu cha kushoto hakitangulii cha kulia. Suruali ya mtu ikiwa imeanguka chini hairukwi, unaizunguka, hata kama imeziba mlango wote. Na mvua ikianza, mwenye nguo nyekundu akae mbali na wenzake, kwa sababu radi inapenda rangi hiyo. Siku moja mvua ilimkuta hotelini kwangu na ndani kulikuwa na kijana wa boda amevaa jaketi jekundu. Jonah akabeba kikombe chake akaenda kusimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, anakunywa chai na bega moja linalowa chepechepe.

Nikamwambia, "Baba Becky, si utapata nimonia hapo!"

"Nimonia ina dawa," akasema, akaendelea kunywa.

Sasa wewe mtu kama huyo utamwambia nini?

Lakini mwiko wake mkubwa kuliko yote ulikuwa wa kuvaa nguo ndani nje. Jonah anasema hivi: ukivaa nguo imegeuka bila kujua, mishono ikawa nje, ujue kuna zawadi iko njiani inakuja kwako. Usiigeuze mpaka upewe. Ukishapewa, geuza, maneno yameisha. Lakini ukigeuza mapema, zawadi inafika, inakutafuta, haikutambui, inapita. Na lazima iwe kwa bahati. Ukigeuza makusudi ili upewe, hiyo ni tamaa, hupewi kitu.

Mambo haya alitoka nayo kwao, kwa nyanya yake. Lakini aliyeyafanya yaote mizizi ni Wangare, marehemu mke wake, rafiki yangu.

Wangare alikuwa msichana akiuza uji pale stesheni. Alikuwa na chupa kubwa ya chai ambayo haikuwahi kuona chai, uji tu. Asubuhi moja ya baridi, kikosi cha reli kikaja kunywa, na mmoja wao, mrefu, mwembamba, alikuwa amevaa sweta imegeuka, mishono yote nje. Wangare akacheka. Mnamjua Wangare? Hamumjui, lakini kicheko chake kilikuwa kinasikika mpaka ng'ambo ya reli.

"Wewe, geuza sweta!"

"Nikigeuza sipati," Jonah akasema.

"Hupati nini?"

"Sijui. Nangoja."

Wenzake wakanywa wakaenda kazini. Yeye alikuwa hana chochote mfukoni siku hiyo, akabaki amesimama pale, si kuomba, kungoja tu, na hiyo sweta yake ya aibu. Mwishowe Wangare akachoka kumwangalia. Akamimina uji uliobaki kwenye kifuniko cha chupa, akampa. "Haya, umepewa! Geuza uende kazi!" Jonah akanywa, akavua sweta palepale kwenye baridi, akaigeuza, akavaa, akashukuru, akaenda. Kesho yake akarudi amevaa vizuri, amechana nywele.

Hadithi hiyo Wangare amenisimulia mara nyingi, na kila akisimulia uji unazidi kuwa moto. Alikuwa akisema, "Mama Muturi, mimi niliolewa kwa kifuniko cha uji."

Walipooana akamfumia sweta nyingine, kwa mikono yake. Ya kijani kibichi, na mstari wa rangi ya udongo kifuani. Kwa nje sweta hiyo ilikuwa nzuri, hata padri angeivaa. Kwa ndani, mambo yalikuwa mengine. Wangare hakuwa na subira ya kuchomeka ncha za nyuzi, aliziacha zikining'inia, ndefu, fupi, kila mahali. Kwa hivyo Jonah akikosea akaivaa ndani nje alikuwa anaonekana kama mbuzi aliyepita kwenye miiba. Na alikuwa akikosea, kwa sababu anaamka kukiwa giza na hawashi taa, anasema taa inaamsha watu.

Wangare alijua dawa. Akimwona hivyo, hamwambii geuza. Anatafuta kitu ampe. Ndizi. Kipande cha sabuni. Kiazi cha jana. Siku moja hakuwa na kitu karibu, mikono imejaa unga, akampiga kofi la mgongo, paa! "Umepewa! Geuza!" Nilikuwa kwa ua naanika nguo, nikacheka nikashika kamba. Jonah mwenyewe alicheka, mtu ambaye akicheka unaona mabega tu yanapanda na kushuka. Tangu siku hiyo likawa jambo lao. Sweta ikigeuka, kofi la mgongo.

Walijaliwa mtoto mmoja tu, Becky. Na Becky akachukua sura ya mama na kimya cha baba.

Miaka miwili iliyopita, wakati wa jua kali, Wangare akashikwa na presha. Akalazwa hospitali mjini. Alikaa huko, akapata nafuu kidogo, tukaambiwa pengine ataruhusiwa. Asubuhi hiyo Jonah akatoka nyumbani, yeye na Becky, kwenda kumwona. Mimi nilikuwa kwa geti nafagia. Nikamwona: sweta ya kijani, nyuzi zote nje.

"Baba Becky," nikamwambia, "umegeuza."

Akajiangalia kifuani, akashika nyuzi zile kwa vidole. Uso wake ukafunguka, haki ya Mungu sijawahi kuona uso wa mwanaume umefunguka hivyo. "Mama Muturi," akasema, "leo wananipa mke wangu."

Nami nikacheka, nikasema amina. Nilisema amina, na siamini.

Yaliyotokea mjini nilielezwa na Becky baadaye. Pale geti la hospitali kulikuwa na watu wengi wanangoja saa ya kuona wagonjwa. Wakaanza kumwangalia Jonah. Wasichana wawili wakashika midomo wakicheka, na mwanaume mmoja akauliza kama huyu mzee amepotea. Becky akasikia moyo unamuuma kwa ajili ya baba yake. Akamwambia, "Baba, geuza. Watu wanakucheka." Jonah akakataa. Akamwambia tena, "Baba, tafadhali." Sasa Jonah kwa huyo mtoto hajawahi kujua kukataa mara mbili. Akainua mikono. Becky akamvua sweta kando ya ukuta, akaigeuza, akamvalisha, akamnyoosha kola ya shati. Wakaingia.

Walipofika wodini, kitanda cha Wangare kilikuwa kimeshatandikwa shuka safi, na mto umesimamishwa.

Tulimzika hapa nyumbani, kwenye ile ardhi yetu nyeupe ya vumbi. Jonah hakusema neno. Si kwa mazishi, si baadaye. Sweta akaikunja, akaitia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, akaanza kuvaa koti la zamani la reli. Chakula alikula. Mbuzi alichunga. Lakini kumwangalia Becky usoni, hapana. Na Becky naye akawa hawezi kumwangalia. Nyumba moja, watu wawili, wanapishana mlangoni kama wapangaji.

Jioni moja Becky akaja jikoni kwangu akakaa kwa kigoda. "Mama Muturi, mimi ndiye niligeuza," akasema.

"Ulifanya nini?"

"Sweta. Niligeuza kabla hajapewa."

Woi! Nilimshika mabega nikamtikisa. "Wewe umesoma, umemaliza fomu foo, unaniambia sweta imeua mtu? Mama yako aliuawa na presha!"

"Najua," akasema. "Na Baba anajua?"

Nikaenda nikamkabili mwenyewe. Nilimkuta anaziba ua.

"Baba Becky, mwambie mtoto si yeye."

"Kwani nimesema ni yeye?"

"Hujasema."

"Basi."

Basi! Hawa wanaume wa reli, ukiwanyang'anya neno "basi" hawana lugha nyingine. Nilimkasirikia nikamnyima chai wiki nzima. Hakuuliza kwa nini, alikunywa maji.

Becky akaenda Karagita. Akapata kazi ya maua, kupanga waridi kwa urefu na kufunga mashada, akakodisha chumba kimoja kwenye ploti yenye milango mingi. Karagita si mbali, ni hapo tu, mtu anaweza kuja Jumapili na kurudi jioni. Hakuja. Krismasi ikapita. Krismasi nyingine ikapita. Lakini kila Jumapili alikuwa ananipigia simu. "Mama Muturi, Baba anakula? Anavaa vizuri? Kikohozi kilipona?" Mimi najibu, na nikiangalia ng'ambo ya ua namwona Jonah amesimama amewapa mbuzi mgongo, ametega sikio. Nikikata simu anauliza, "Nani huyo?" Namwambia, "Unajua ni nani." Anarudi kwa mbuzi.

Nilichoka nao. Mnisamehe, lakini mtu akifa, aliyebaki azungumze!

Basi mwaka huu, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha, Becky akanipigia siku ambayo si Jumapili. Amepata mchumba. Kijana anaitwa Kiplangat, wako kazini pamoja, kwao ni Keringet, wakulima wa viazi. Watu wake wanataka kuja kujitambulisha na kuzungumza mahari. Nikapiga vigelegele nikiwa peke yangu jikoni. Halafu akaniambia, kwa sauti ya chini, "Nimeongea na baba mdogo kule Njoro. Atawapokea yeye."

"Ati nani?"

"Baba mdogo."

"Becky, baba yako ako hai! Ako hapa, namwona, anakuna mbuzi kichwa!"

Akasema, "Siwezi kusimama mbele yake nimevaa vizuri, nimefurahi. Ataona mtu aliyemnyima mama. Acha niolewe Njoro, niende Keringet, kila mtu apumzike."

Hapo ndipo niliogopa. Nilijua vizuri sana: huyu msichana akitolewa kwa nyumba nyingine, harudi hii tena. Atapanda huko juu kwa baridi na viazi, Jonah atabaki na mbuzi na lile koti, na siku ya kumzika watakutana akiwa hasikii. Niliweka simu chini, sikuvua hata aproni, nikapita kwa lile tundu la mbuzi.

"Becky anaolewa," nikamwambia.

Jonah akaacha kazi. "Na nani?"

"Kijana wa Keringet. Kiplangat."

Akafikiri. "Keringet kuna baridi," akasema. "Ana sweta?"

"Mimi sijui kama ana sweta! Ninachojua ni kwamba anataka wageni wapokewe Njoro kwa ndugu yako, kwa sababu anaona wewe humtaki."

Mbuzi akala mkono wa koti lake, hakumfukuza. Halafu akasema, "Mwambie nyumba ya mama yake iko hapa." Akaingia ndani, na kesho yake asubuhi nikamwona anapaka chokaa mawe ya njiani, moja baada ya lingine, mpaka getini.

Becky alikubali. Ilinichukua simu nyingi na vitisho viwili, lakini alikubali.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Nilienda mapema kuwasha moto, kukiwa bado na ukungu, mlima hauonekani. Jonah akatoka nyumbani na suruali imepigwa pasi, viatu vinang'aa, na sweta ya kijani. Ameitoa sandukuni, ameivaa, mara ya kwanza tangu siku ile.

Ndani nje. Nyuzi zote zinaning'inia.

Nilidondosha kuni. "Jonah!" Nilimwita jina lake, kitu ambacho sifanyi. "Jonah, umegeuza!"

Akajiangalia. Akashika uzi mmoja. Mara hii uso haukufunguka, ulizama. "Sikuwasha taa," akasema.

"Geuza haraka. Wageni wako njiani."

"Sigeuzi."

"Jonah, mtoto akiona hiyo sweta hivyo! Akiona! Unajua ataelewa nini?"

"Najua." Akashika ule uzi tena. "Lakini nikigeuza, na msichana akaharibikiwa huko aendako? Mara ya kwanza niligeuza, Mama Muturi. Siwezi kugeuza tena."

"Basi vaa shati peke yake!"

"Kuvua ni kugeuza," akasema, kama mtu anayesoma sheria ukutani.

Nilimtukana. Sitasema nilisema nini, nimeokoka. Yeye akaingia ndani, akatoka na lile koti la reli, akalivaa juu ya sweta, akalifunga vifungo vyote mpaka shingoni. "Hataona," akasema. Nikaona ni afadhali.

Becky alifika na baba yake mdogo, amevaa gauni la rangi ya maziwa. Alisimama kwa geti kwanza, akaangalia mawe ya chokaa, akaangalia mlango wa mama yake. Halafu akaingia. Jonah akatoka kumlaki, akampa mkono kama mgeni.

"Habari ya siku nyingi, Baba."

"Nzuri. Umekonda."

Ni hayo tu. Becky akaja jikoni akachukua kisu akaanza kukata kabichi, nayo machozi yanadondoka kwa kabichi. Nikamwambia alie haraka amalize, wageni hawapendi chumvi nyingi.

Wageni wakaja. Kiplangat mwenyewe, kijana mwenye heshima, anaangalia viatu vyake. Wajomba. Na mama yake, Chepkemboi, mwanamke mnene, mchangamfu, amebeba mursik, maziwa yao ya kugandisha, kwenye kibuyu, anasalimu kila mtu kwa mikono miwili. Tuliwakaribisha chini ya turubai. Maombi yakafanywa, watu wakajitambulisha, baba mdogo akasema kwa niaba ya upande wetu, wajomba wakasema kwa niaba ya upande wao, kwa maneno mazuri ya kuzunguka. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri.

Tatizo likawa jua. Ukungu uliondoka, na jua la Longonot likitoka baada ya mvua halina adabu. Chini ya turubai kukawa kama tanuri. Wajomba wakavua makoti. Baba mdogo akavua lake. Jonah amekaa kwa kiti cha mbele, amefungwa mpaka shingoni kama mtu wa Julai kule Keringet, jasho linashuka usoni, linadondoka kidevuni. Kila mtu anaona. Mimi nikampelekea maji. Nikampelekea maji tena. Nikampepea na sahani.

Mwishowe Chepkemboi, kwa moyo mzuri kabisa, akasema, "Mzee wetu, hilo koti litakumaliza! Msichana, si umsaidie baba."

Sasa mbele ya wakwe watarajiwa, mama mkwe akisema hivyo, msichana anafanya nini? Becky aliinuka akaenda nyuma ya kiti. Jonah akashika kola zote mbili. Mimi nilifunga macho.

"Baba, leta," Becky akasema polepole.

Nafikiri ni vile alivyosema. Nilimsikia Jonah akivuta pumzi. Nilipofungua macho vifungo vilikuwa vinafunguka kimoja kimoja, na koti likatoka.

Hakuna aliyecheka. Wajomba waliangalia sahani zao. Sweta ilikuwa imemshika mwilini kwa jasho, nyuzi za Wangare zinaning'inia kila upande. Becky alisimama na koti mikononi, na uso wake, jamani, uso wake ulikuwa wa jioni ile alipokaa kwa kigoda jikoni kwangu.

"Baba," akasema. "Hata leo?"

Kiplangat aliinuka nusu, mama yake akamvuta chini.

"Njoo mbele nikuone," Jonah akasema.

Becky akazunguka kiti, akasimama mbele yake.

"Nilivaa bila kujua. Mama Muturi ni shahidi."

"Ni kweli!" nikasema. "Nimemtukana tangu alfajiri!"

"Nikaificha usiione," Jonah akaendelea. Alikuwa anaongea polepole, mtu ambaye hajazoea kazi hiyo. "Ile siku ya mama yako, watu walikuwa wananicheka pale geti. Wewe ulinisitiri. Hukunifukuzia kitu. Ulikuwa unamsitiri baba yako. Nilijua hivyo siku hiyohiyo, nikiwa bado nimesimama pale kwa kitanda. Sikusema. Nilikaa kimya ukafikiri kimya changu ni lawama. Becky, kosa hilo ni langu, si lako. Nisamehe."

Becky alikuwa amefunika mdomo kwa kola ya koti.

Chepkemboi akaniinamia akaninong'oneza, kwa mnong'ono unaosikika mpaka barabarani, "Kwani sweta ina nini?"

Nikamweleza kwa ufupi: ukivaa hivyo unapewa, na huruhusiwi kugeuza mpaka upewe.

Chepkemboi akapiga magoti yake kofi. "Mzee, si tumeleta? Ni nini kingine unangoja?"

Watu wakacheka kidogo, kwa woga. Jonah naye mabega yakapanda mara moja, yakashuka. Lakini hakuwa anamwangalia Chepkemboi.

"Singoji kitu," akasema. "Nilikuwa nafikiri nangoja zawadi ya ndoa hii, nikaogopa kuigeuza isipotee. Lakini sheria ni hii: ukishapewa, geuza. Na mimi nimepewa tangu asubuhi, sikuwa nimeona tu."

"Umepewa nini, Baba?"

"Umeingia kwa geti hilo ukanisalimia. Umerudi nyumbani. Basi."

Neno lake lilelile. Nililisikia, na mara hii sikukasirika hata kidogo.

Akainua mikono juu, yote miwili, amekaa pale kwenye kiti mbele ya wakwe. "Nigeuzie," akasema.

Becky akampa Kiplangat koti ashike. Akashika sweta kwa upindo, akaivuta juu polepole, akianza na mkono wa kushoto vile mama yake alikuwa akimvua. Shati la ndani lilikuwa na kiraka kikubwa mgongoni, na Chepkemboi, Mungu ambariki, akaanza kuangalia turubai kama anayehesabu mashimo. Becky akaingiza mikono ndani ya sweta, akaigeuza, na ule mstari wa rangi ya udongo ukatoka nje, bado mzuri, kama umefumwa jana. Akamvalisha. Akamnyoosha kola. Akabaki amesimama nyuma yake, mikono imening'inia, hajui afanye nini tena.

Halafu akainua mkono akampiga kofi la mgongo. Paa!

"Umepewa," akasema.

Sikujua kama alikuwa anajua hilo. Labda aliona akiwa mtoto, mlangoni, wakati mimi niko kwa ua nashika kamba. Jonah alisikia kofi hilo, mabega yake yakapanda, yakakaa juu, halafu yote yakamtoka, kicheko na kilio pamoja, kwa sauti, mzee mzima mbele ya wageni kutoka Keringet. Becky akamkumbatia kutoka nyuma, shavu juu ya ile sweta iliyolowa jasho, na hakuna mtu aliyewaambia wanyamaze. Mimi nilienda jikoni kuwapakulia wageni chakula.